Uzi: Kati ya saa tisa mchana na saa moja jioni, mtoto yuko wapi?

1/
Kila msimu wa midahalo kuna sentensi moja inayopigiwa makofi bila kukosa: "Tutafunga vituo vyote haramu vya kulea watoto." Ukumbi unashangilia, mtangazaji anaruka kwa swali la barabara. Hakuna anayeuliza swali la pili: wakifungwa Ijumaa, Jumatatu asubuhi hao watoto wataenda wapi?

Uzi wa leo ni wa hilo swali la pili. Kama kawaida yetu, hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Ukianza kuwataja kwa majibu, utajibizana peke yako.

2/
Ukisema "daycare", watu wengi wanafikiria mtoto wa nepi. Sawa, huyo yupo. Lakini kuna mwingine anayesahaulika: wa PP2, wa Gredi ya 1, wa Gredi ya 3. Huyu anaenda shule. Kwenye vitabu vya serikali yuko darasani, kwa hivyo wanasiasa wanaona shida yake imeisha.

Haijaisha. Shule ina saa zake, kazi ya mzazi ina saa zake, na hizo saa mbili hazijawahi kukutana.

3/
Angalia hesabu. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu, halafu michezo na vilabu mpaka saa kumi na moja kasorobo. Wa chekechea na wa gredi za chini mara nyingi huachiliwa mapema zaidi, wengine kabla hata ya chakula cha mchana.

Sasa chukua mzazi anayeishi Pipeline na kibarua chake kiko Industrial Area, ama kwenye viwanda vya EPZ kule Athi River. Saa kumi na mbili asubuhi ashatoka. Akimaliza kazi na jam ya Mombasa Road, anafika nyumbani saa moja usiku akiwa na bahati. Asubuhi kuna saa moja na kitu bila mtu mzima. Jioni kuna saa tatu au nne. Kwa yule wa PP1 aliyetoka saa sita, ni saa saba nzima. Na hatujagusa Jumamosi, wala likizo ya Aprili, ya Agosti, na ile ndefu ya mwisho wa mwaka.

4/
Hizo saa zinajazwa na kitu. Kuna dada mkubwa wa Gredi ya 6 ambaye "anashikilia" wadogo zake, anawapikia na kuwaosha, halafu tunashangaa kwa nini hamalizi kazi ya nyumbani aliyopewa na mwalimu. Kuna mtoto aliyevishwa ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu. Kuna jirani mwenye duka. Kuna mama wa kituo kwenye chumba kimoja cha mabati.

Na kuna mbili ambazo hatuzitambui kabisa kama malezi: tuisheni na bweni.

5/
Tuisheni kwanza. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza masomo ya likizo. Kosa ni faini isiyozidi Sh100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kila mwaka tunakumbushwa, kila mwaka yanaendelea. Wachambuzi wanasema ni uroho wa walimu, au wazazi wanataka alama.

Tuseme ukweli. Mzazi wa Gredi ya 2 anayetoa "pesa ya masomo ya ziada" mpaka saa kumi na moja, sidhani analala akiota alama. Mtoto wa miaka saba! Ananunua mtu mzima mmoja, chumba chenye mlango na choo. Ananunua ulinzi, na kwa sababu hakuna anayeuza ulinzi kwa jina lake halisi, ananunua hesabu na Kiingereza.

Matokeo yake ni mtoto aliyechoka anakalishwa kwa dawati tena saa mbili zaidi, ilhali alichohitaji ni uji, mpira, na mtu wa kumwangalia.

6/
Bweni nalo. Septemba 2024 moto wa bweni kule Nyeri uliua wavulana 21 wa shule ya msingi. Baadaye mwaka huohuo wizara ikafunga sehemu za bweni za shule 348 za msingi ambazo hazikufikia viwango vya usalama. Kufunga kulikuwa sahihi, na sitabishana na mtu hapo. Huwezi kuwaacha watoto walale mahali ambapo hawawezi kutoka usiku.

Lakini fuata mjadala uliofuata. Upande mmoja: "wazazi wamekuwa wavivu, wanatupa watoto wadogo bwenini". Upande wa pili: "bweni hufunza nidhamu". Nilisubiri mtu aseme kwamba kuna wazazi wanaopeleka mtoto wa miaka minane bwenini kwa sababu wanafanya kazi ya zamu usiku, au ni askari wa kulinda majumba, au ni mama anayelala kwa mwajiri. Kwao bweni ni kituo cha malezi cha saa 24.

7/
Sasa sheria, kwa sababu hapa ndipo wagombea hukwepa.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeorodhesha kazi za kaunti. Humo kuna elimu ya chekechea, na palepale, kwenye kipengele kilekile, kuna vituo vya kulea watoto. Iko wazi. Kwa hivyo mgombea ugavana akikwambia "hiyo ni ya serikali kuu", ama hajasoma ama anakujaribu.

Shule ya msingi, kwa upande mwingine, ni ya serikali kuu. Angalia basi safari ya mtoto mmoja wa Gredi ya 1: saa nne asubuhi yuko chini ya wizara. Saa tisa alasiri yuko kwenye kituo cha mtaa, chini ya kaunti. Njiani kati ya hizo mbili, yuko chini ya nani? Chini ya jua.

8/
Nairobi ilipitisha sheria yake ya vituo vya kulea watoto mwaka 2017. Si kila kaunti ina yake. Na hata kaunti yenye sheria, kuwa na sheria ni kitu kimoja, kuwa na ofisa wa kuzunguka mitaani akijua vituo viko wapi ni kitu kingine.

MCA wako akija kuomba kura, muulize kitu rahisi: kwa wadi yetu, vituo ni vingapi? Kama hajui idadi, hawezi kuvikagua. Na kama hawezi kuvikagua, anachoweza ni kungoja kimoja kiingie kwenye habari ndipo aite kamera.

9/
Twende kwa pesa. Hii ndiyo sehemu ndefu, nivumilieni.

Tuseme mama mmoja ana kituo chenye watoto 12. Anatoza Sh100 kwa siku. Si wote hulipa kila siku. Tuseme kwa wastani wanalipa tisa. Ni Sh900 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi, Sh19,800.

Kodi ya chumba Sh6,000. Stima na maji Sh1,500. Uji na chakula cha mchana, hata kwa Sh25 tu kwa kila mtoto, ni Sh6,600. Gesi, sabuni na dawa ya choo, Sh1,500. Jumla Sh15,600. Anabaki na Sh4,200 kwa mwezi, na hajalipia leseni wala cheti cha afya.

10/
Halafu anakuja mtu kwenye mdahalo anasema: "Lazima kila kituo kiwe na walezi wawili." Wazo zuri. Mlezi wa pili kwa Sh300 kwa siku ni Sh6,600 kwa mwezi. Yule mama sasa ana hasara ya Sh2,400.

Basi apandishe bei? Akitaka kumlipa msaidizi na yeye mwenyewe abaki na Sh10,000, inabidi kila malipo yawe kama Sh163. Mzazi mwenye watoto wawili atatoa Sh326 kwa siku. Kama anafua nguo kwa Sh500 siku akipata, hiyo imekwisha. Atawarudisha kwa dada wa Gredi ya 6.

(Hizi ni hesabu za mfano. Weka bei za mtaa wako uone kama jibu litabadilika sana.)

11/
Ndiyo maana nasema ubora hauji kwa amri. Ukiongeza masharti bila kuongeza shilingi, mtoto hapati kituo bora. Anapata kituo kilichojificha zaidi: mlango umefungwa, pazia limeshushwa, hakuna kibao nje, na mama wa kituo anamwogopa ofisa kuliko anavyoogopa mtoto kuungua.

Na huo uoga una gharama. Mtoto akianguka akaumia kichwa, mlezi aliyejificha atafikiria mara mbili kabla ya kumkimbiza hospitali, kwa sababu huko ataulizwa yeye ni nani.

12/
Ili nisieleweke vibaya, sisemi kila kituo kiachwe. Kuna mambo hayana subira. Nikikuta haya, hata kama ni kituo cha shangazi yangu, kifungwe leo:

Mlango unaofungwa kwa kufuli kutoka nje watoto wakiwa ndani. Jiko la makaa linalowaka kwenye chumba wanacholala watoto bila hewa kupita, maana ile hewa ya sumu haina harufu na haiamshi mtu. Mtoto kupigwa. Na ile tabia ya kuwapa watoto dawa ya mafua ili walale mchana wasisumbue. Wengi mmeisikia, na wengine mmeona mtoto akirudi nyumbani amelegea mkafikiri amecheza sana.

13/
Halafu kuna yale ya bei rahisi ambayo hayahitaji kufunga mtu. Ndoo na mtungi wa maji viwe na kifuniko, kwa sababu mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye ndoo. Waya za stima zipandishwe juu. Nambari za simu za wazazi ziandikwe ukutani. Kuwe na daftari la kuonyesha nani ameleta mtoto na nani anaruhusiwa kumchukua.

Hilo daftari halihitaji hata Sh100. Lakini jioni, kukiwa na giza na stima imepotea, mtu akija akasema "nimetumwa na mamake", ndilo linaloamua mtoto ameenda na nani.

Na kuna yale ya urembo: vigae, rangi ya ukuta, viti vya plastiki vya buluu. Nimesoma ahadi nyingi, na hayo ndiyo yanayopenda kuingia kwenye picha.

14/
Asubuhi tumeisahau, kama kawaida.

Mzazi anayetoka saa kumi na mbili anampeleka mtoto shuleni njiani. Geti bado limefungwa, au limefunguliwa na askari mmoja wa usiku anayengoja kwenda kulala. Watoto wamejaa uani na mwalimu wa zamu hajafika. Wakigombana, wakianguka, mgeni akiingia, nani anawajibika? Muulize mwalimu mkuu yeyote, atakwambia kwa upole kwamba shule huanza saa mbili.

Tofauti ya kufungua darasa moja mapema na kumlipa mtu mzima mmoja kukaa humo ni ndogo sana kwa bajeti. Kwa mtoto wa miaka sita ni kubwa.

15/
Na njiani. Sheria ya trafiki inaruhusu bodaboda kubeba abiria mmoja. Sisi sote tumeona wanne wa sare, mmoja ameketi kwenye tangi. Magari ya shule yanatakiwa kuwa ya manjano na yenye mikanda. Lile la bei nafuu linalopita kwenu ni la rangi gani?

Hata kutoka darasani tu ni hatari kama hakuna mpango. Februari 2020, kule Kakamega, wanafunzi 14 wa shule moja ya msingi walikufa kwenye msongamano wa ngazi wakitoka madarasani jioni. Hizo dakika kati ya kengele na nyumbani tunazichukulia kama si za mtu.

16/
Sasa zile hoja mtazisikia kwenye mdahalo. Nazipitia haraka.

"Malezi ni kazi ya mama." Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Hoja imeisha.

"Zamani jirani ndiye alikuwa analea." Kweli. Lakini jirani huyo leo yuko kwa matatu ileile na wewe, saa ileile.

"Waajiri waweke vituo kazini." Nzuri kwa kiwanda kikubwa. Sheria ya Afya ya 2017 tayari inawataka waajiri waweke chumba cha kunyonyeshea. Ila mtoto wa Gredi ya 2 hanyonyi, shule yake iko mbali na kiwanda, na mama fua mwajiri wake ni ploti tano tofauti kwa wiki moja.

17/
"Walimu wabaki mpaka jioni." Hii inahitaji kusimama kidogo, kwa sababu ina nusu ya ukweli.

Majengo yapo. Shule ya umma ina uwanja, vyoo, ukuta na geti, na kuanzia saa kumi na moja inakaa tupu huku hatua mia mbili kutoka hapo watoto 12 wamebanana chumba kimoja. Hiyo ni aibu kwetu sote. Lakini mwalimu aliyeanza saa mbili si mtumwa. Mtu mwingine aajiriwe kwa saa hizo, na huyo mtu anaweza kuwa yuleyule mama wa kituo: apewe mafunzo na hewa safi, na kaunti imlipe sehemu ya mshahara wake.

Kizuizi ni kile tulichoona namba 7. Uwanja ni wa shule, shule iko chini ya wizara, malezi ni ya kaunti. Mtoto akivunjika mkono uwanjani saa kumi na mbili jioni, nani ataitwa? Mpaka pande hizo mbili zitie sahihi karatasi inayojibu hilo, geti litabaki na kufuli. Mgombea anayesema "tutafungua shule zitumike jioni" bila kuongea juu ya hiyo karatasi amekuuzia kichwa cha habari.

18/
Kwa hivyo akisimama mbele yako, usimuulize kama anapenda watoto. Wote wanapenda. Muulize:

Vituo vya wadi yetu vimeorodheshwa, ndiyo au la? Ofisa akikuta kasoro, kazi yake ya kwanza ni kufunga au kumpa mlezi siku 60 na msaada arekebishe? Yale ya kufunga papo hapo ni yapi, yameandikwa wapi? Kituo kikifungwa, watoto wanapelekwa wapi siku hiyohiyo? Na pesa iko kwenye kifungu gani cha bajeti?

Hilo la mwisho ndilo huwanyamazisha.

19/
Unaweza kuangalia mwenyewe bila kumngoja. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Mkakati wa bajeti ni Februari 28. Makadirio yenyewe ni Aprili 30. Zote ni nyaraka za umma, na kuna vikao vya maoni ya wananchi.

Fungua sehemu ya elimu. Utaona madarasa ya chekechea, kwa sababu jengo huzinduliwa kwa utepe. Tafuta neno la vituo vya kulea watoto. Ukilipata, angalia kama ni ujenzi tu au kuna mishahara na ukaguzi. Usipolipata, piga picha ya ukurasa huo uende nao kwenye kikao. Kikao huwa asubuhi siku ya kazi, najua, wakati wazazi tunaowaongelea wako kiwandani. Wewe uliye na nafasi nenda kwa niaba yao, na uandike maoni kwa karatasi, maana ya mdomo hupotea.

20/
Na kama leo hii unajua kituo ambacho watoto wanafungiwa, wanapigwa au wanalazwa kwa dawa, usingoje uchaguzi. Piga 116, nambari ya kusaidia watoto. Ni bure na inashikwa usiku na mchana.

Wazazi mnaotumia vituo: leo jioni ukienda kumchukua mtoto, fika nusu saa kabla ya muda wako bila kupiga simu. Simama mlangoni usikilize kabla hujabisha.